Mteja Wangu Ni Mzee, Si Waliomleta

Hotuba kwa wastaafu na familia zao, Temeke, Dar es Salaam, katika maadhimisho ya Siku ya Wazee

Wazee wangu, shikamooni.

Marahaba ya namna hiyo si ya watu waliochoka, nimefurahi. Na ninyi vijana mliowasindikiza, habari za asubuhi.

Mwenyekiti wenu aliponipigia simu alisema, "Wakili, njoo utufundishe mirathi." Nikamjibu kwamba nitakuja, lakini naomba nisianze na maiti. Hapa ndani nawaona watu wazima wenye nyumba Tandika na Mbagala, wenye pensheni ndogo, wenye shamba Mkuranga au Kisarawe, wenye watoto wanaoelewana na wengine ambao mwaka wa tatu huu hawasalimiani. Mambo yote hayo yanahitaji kupangwa wakati mwenyewe bado anaweza kusema "nataka" na "sitaki". Mahakamani tunakutana na familia wakati huo umeshapita, na kila mmoja anadai anajua marehemu alitaka nini.

Nitasema mengi leo, lakini yote yanatoka kwenye jambo moja, na nalitanguliza ili hata mwenye kuwahi daladala aondoke nalo. Mzee akiletwa kwa wakili na mwanawe, kwa gari la mwanawe, na ada ikatoka kwenye simu ya mwanawe, mteja ni yule mzee. Peke yake. Wakili asiyeweza kumwambia mtoto, kwa adabu kabisa, "Mwanangu, naomba utupishe kidogo," huyo atafaa kesi za mikopo na mikataba. Kazi hii haimfai.

Mnajua inavyokuwa. Mtoto anaingia, anavuta kiti cha mbele, anaanza: "Wakili, baba anataka kuniandikisha ile nyumba." Baba kainama. Ukimuuliza baba, mtoto ndiye anayejibu. Ukirudia, baba anasema, "Ndiyo hivyo alivyosema." Huenda kweli baba anataka. Huenda pia baba anakula kwa mtoto huyo, dawa za presha ananunuliwa na mtoto huyo, na hana pa kwenda jioni akishasema hapana. Wenzetu wa Zanzibar tangu Aprili 2016 wamekuwa wakimpa pensheni kila mzee aliyefika miaka 70, hata kama hakuwahi kuajiriwa. Huku Bara tuna Sera ya Taifa ya Wazee, iliyotungwa kwanza mwaka 2003, nzuri kuisoma, lakini mama lishe aliyeuza chapati miaka thelathini hana pensheni. Anamtegemea mwanawe. Mtu anayekutegemea kwa chakula hawezi kukukatalia mbele ya wakili, na wakili aliyesoma vizuri anapaswa kulijua hilo kabla hajafungua kalamu.

Mkibaki wawili, ndipo mazungumzo yanapoanza. Kuna mke mdogo Chanika ambaye watoto wa mke mkubwa hawamjui. Kuna mkopo wa SACCOS. Kuna kipande cha kiwanja kilichouzwa kwa mdomo zamani, mnunuzi kajenga, na karatasi hakuna. Kuna binti aliyeacha kazi Arusha akarudi kumuuguza mama, miaka inapita, na kaka zake wakija Krismasi wanamwita "mgeni wa nyumbani". Mambo haya hayasemwi mbele ya watoto. Yanasemwa kwa wakili kwa sababu analazimika kuyatunza. Sheria ya Ushahidi inailinda siri ya mteja na wakili wake, na siri hiyo ni ya mzee. Mtoto aliyelipa ada hainunui.

Kule Marekani kazi hii wameifanya fani inayojitegemea. Wapo mawakili wanaoshughulika na sheria za wazee tu, na wana chama chao cha kitaifa tangu 1987. Hofu kubwa ya mzee wa kule ni bili ya nyumba ya kulelea wazee. Kuna mpango wa serikali uitwao Medicaid unaoweza kumlipia, lakini kwa mtu mwenye mali kidogo sana, na maofisa wanakagua miezi 60 iliyotangulia kuona kama hakugawa mali zake ili aonekane fukara. Kwa hiyo wakili wa kule anapanga mambo miaka mitano kabla ya ugonjwa. Sioni sababu ya kuigiza hayo hapa Temeke. Mzee wetu kwa kawaida analelewa kwenye nyumba yake mwenyewe, na muuguzi wake ni yule binti niliyemtaja. Ninachokipenda kwao ni mpangilio wa maswali: utaishi wapi, nani atakulisha, nani ataamua ukiugua, halafu ndipo tufike kwa nani atarithi. Sisi mawakili wa hapa mara nyingi tunaanzia mwisho.

Na msidanganywe na vibao. Daftari la mawakili wa Tanzania halina safu ya wakili wa mirathi wala wakili wa wazee. Tukishaapishwa wote ni mawakili tu. Utaalamu unatokana na kesi mtu alizozifanya, na hilo una haki ya kumuuliza usoni: umeshughulikia mirathi ngapi, katika mahakama zipi, na ni za dini gani na desturi gani? Swali la mwisho ndilo zito zaidi, na sasa naomba mnisikilize kwa makini kidogo.

Mtanzania akifariki bila wosia, mali yake inaweza kugawanywa kwa sheria tatu tofauti. Kama aliishi Kiislamu, mke au wake kwa pamoja wanapata thumni, yaani sehemu moja ya nane, ikiwa kuna watoto, robo ikiwa hakuna. Mtoto wa kiume anapata mara mbili ya wa kike. Kama mahakama itaona maisha yake hayakufuata mila wala Uislamu, na Wakristo wengi wa mjini wanaangukia hapa, inatumika sheria ya urithi ya India ya mwaka 1865. Ndiyo, ya India, na ya 1865. Hiyo inampa mjane theluthi moja na watoto theluthi mbili, bila kuangalia nani wa kiume na nani wa kike. Ya tatu ni ya kimila, iliyoandikwa katika tangazo la serikali namba 436 la mwaka 1963. Mule warithi wamepangwa kwa daraja: mtoto wa kwanza wa kiume juu, wanaume wengine wanafuata, mabinti chini. Na mjane? Kanuni inasema hana fungu katika urithi ikiwa mume ameacha ndugu wa ukoo. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake, kama yeye alivyowatunza.

Naona kina mama mnatazamana.

Kanuni hiyo imeshapelekwa mbali. Wajane wawili waliipinga, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ikakubali kwamba ni ya kibaguzi, lakini ikaona si kazi yake kuifuta. Kesi ikavuka mipaka, na mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake ikasema Tanzania imewavunjia wajane wale haki zao. Miaka mingi kabla ya hapo, mwaka 1990, Jaji Mwalusanya alikuwa ameshaamua kule Mwanza kwamba mwanamke aliyerithi ardhi ya ukoo anaweza kuiuza kama mwanamume. Sheria inasogea, sikatai. Ila mke wako asiishi kwa kusubiri isogee wakati wewe una mkono wa kuandika.

Ugomvi unaotumaliza mahakamani si hata wa mafungu. Ni wa kujua sheria ipi itumike. Chukulieni Mhaya Mkristo aliyekaa Temeke miaka arobaini. Ndoa kanisani, watoto wamezaliwa hapa, lakini kila mwaka alikwenda kwao, alichangia ukoo, na amezikwa kwenye kibanja cha ukoo. Kaka zake wanasema mila. Mkewe anasema sheria ya 1865. Hakimu anaangalia mwenendo wa maisha ya marehemu na nia yake, na mashahidi wanakuja kueleza alikuwa anakula nini na kusali wapi. Kesi inachukua miaka, nyumba inaoza paa. Sentensi moja ndani ya wosia ingempunguzia hakimu kazi kubwa: mimi fulani nimeishi kwa imani na taratibu hizi, na nataka mirathi yangu ishughulikiwe kwa sheria hii. Wakili aliyezoea mirathi haachi sentensi hiyo. Fomu ya wosia unayonunua kwenye steshenari haina.

Tena hiyo fomu ya steshenari inaweza kukuponza kwa namna ambayo hata msomi haioni. Kwa kanuni za kimila, wosia wa maandishi wa mtu anayejua kusoma unahitaji mashahidi wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki; asiyejua kusoma anahitaji wanne, na wosia wa mdomo nao wanne. Juu ya hao, mke au wake walioko nyumbani wakati huo nao washuhudie. Haya. Sasa nenda kwenye sheria ya 1865. Kule shahidi aliyeachiwa kitu ndani ya wosia anakosa kile alichoachiwa. Wosia unabaki, zawadi yake inaanguka. Mnauona mtego? Mume aliyefuata kanuni ya kimila akamsainisha mkewe, halafu mahakama ikaamua kwamba marehemu hakuishi kimila, amemnyima mkewe nyumba kwa mkono wa mkewe mwenyewe. Kwa Muislamu kuna mpaka mwingine: wosia hauvuki theluthi ya mali, na haumwongezei mtu ambaye tayari ni mrithi, isipokuwa warithi wenzake waridhie. Anayetaka kumpa mkewe zaidi ya thumni atumie hiba, yaani zawadi anayoitoa akiwa hai, na hiba ina masharti yake, likiwemo la kukabidhi kweli.

Ndiyo maana nasema kwenye kazi hii ukarimu wa wakili hautoshi. Anatakiwa azijue sheria zote tatu, na ajue zinavyogongana.

Wengi mnakuja na jambo jingine ambalo mnalisema mkiwa na hasira: "Huyu namfuta." Mtoto mlevi, mtoto aliyekutukana, mtoto aliyehamia Mwanza hapigi simu. Kumfuta kunawezekana kimila, lakini si kwa hasira. Sababu iwe nzito, kama kukushambulia, kuzini na mkeo, au kukuacha bila msaada wakati wa njaa au ugonjwa. Itajwe wazi kwenye wosia. Na mtoto apewe nafasi ya kujitetea mbele yako au mbele ya baraza la ukoo. Ukiruka hatua hizo, mahakama inaweza kumrudisha kana kwamba hukuandika kitu.

Wala msidhani haya yanawapata maskini peke yao. Mwaka 2021 Mahakama Kuu hapa Dar es Salaam ilikataa wosia wa marehemu Reginald Mengi, aliyefariki Mei 2019. Kati ya yaliyobishaniwa ni hali ya afya yake alipouandika, na watoto wake wakubwa kuachwa nje ya urithi. Yule alikuwa na uwezo wa kumlipa wakili yeyote Afrika Mashariki. Hapo mjifunze umuhimu wa daktari. Kama umeshapata kiharusi, au unasahau majina ya wajukuu, pita kwa daktari siku ile ile unayosaini, akuandikie kwamba unajitambua. Karatasi hiyo ikae na wosia.

Halafu mjane wa kiume anayetaka kuoa tena, na nawaona wawili watatu hapa mnacheka: chini ya sheria ya 1865, ndoa mpya inaufuta wosia wa zamani. Mkitoka kwa mchungaji piteni kwa wakili.

Wosia ukishaandikwa, usiuweke chini ya godoro. RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, wanasaidia kuandika wosia na wanautunza. Mahakama nazo zinapokea. Benki, wakili, hata kiongozi wa dini unayemwamini. La muhimu watu wawili wajue uko wapi, hata kama hawajui umeandikwa nini. Na uandike kwa Kiswahili. Tangu marekebisho ya mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na mahakama, na hakuna sababu ya mzee kusaini karatasi ya Kiingereza asiyoielewa.

Sasa nirudi kwa walio hai, maana ndiko nilikoahidi kukaa.

Kila mstaafu hapa ana kadi ya benki. Wangapi kadi hiyo iko mfukoni mwa mtu mwingine, na namba ya siri anayo? Msinyooshe mikono, najua. Mjukuu anakwenda kukuchukulia pensheni, anarudi na elfu themanini, anasema mtandao ulikata. Huo kisheria ni uwakilishi usio na karatasi, usio na mipaka na usio na hesabu. Kuna njia bora: hati ya uwakilishi, yaani karatasi unayompa mtu unayemwamini mamlaka ya kukufanyia mambo uliyoyataja. Siri yake iko kwenye hayo uliyoyataja. Andika akusanye kodi za vyumba vitatu vya nyuma na alipe bili ya umeme na maji. Usiandike "mambo yangu yote", na usiandike "kuuza" kama hukusudii kuuza. Inayogusa ardhi yenye hati isajiliwe kwa Msajili wa Hati. Na unaweza kuifuta wakati wowote ungali na akili zako.

Hapo ndipo penye tundu la sheria yetu. Hati ya namna hii inasimama juu ya akili ya aliyeitoa. Ukipoteza kumbukumbu kabisa, yule uliyemteua hana tena mtu wa kumwakilisha. Uingereza walilishughulikia kwa sheria ya mwaka 2005: mtu mwenye akili timamu anasaini hati ambayo itaendelea kufanya kazi hata baada ya yeye kushindwa kuamua. Kwetu familia inabaki na njia ya Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008, kuomba mahakama imteue mtu wa kusimamia mali ya mgonjwa. Ni njia halali, lakini ni ndefu, na wengi hawaijui, kwa hiyo wanafanya kienyeji: dole gumba la mzee linachovywa wino kitandani Muhimbili au Temeke Hospitali, na nyumba inauzwa. Mimi naona Bunge lingetusaidia hapa kuliko mahali pengine popote katika sheria za wazee. Mpaka hapo, mzee anayeanza kusahau asingoje. Apange mambo yake mwezi huu.

Na kifo kinaimaliza hati hiyo papo hapo. Mtoto aliyekuwa anachukua pesa za baba kwa hati halali Ijumaa, baba akifa Jumamosi, Jumatatu hana ruhusa, hata kama anachukua za jeneza. Benki itataka barua ya msimamizi wa mirathi kutoka mahakamani.

Swali ninaloulizwa kuliko yote: "Si bora nimhamishie mwanangu nyumba sasa hivi, kuepuka mirathi?" Jibu langu ni hapana, na nalirudia kwa sauti hata mtoto akiwa amekaa hapo. Nyumba ikishahamia kwa jina lake ni yake. Ataiweka dhamana. Akifa yeye kwanza, na vijana wa bodaboda mnawajua, nyumba yako inaingia kwenye mirathi yake, na mkwe wako ndiye atakuwa mwenye nyumba wewe ukiwa mpangaji wa huruma. Kama lazima utoe, toa kwa maandishi yanayobakiza haki yako ya kuishi mle mpaka kufa. Na usisahau mkeo au mumeo: nyumba ya familia haitolewi wala kuuzwa bila ridhaa ya mwenza, hivyo inasema Sheria ya Ndoa ya 1971 kifungu cha 59. Wanandoa wengi wangeokoka na ugomvi kama hati tu ingeandikwa majina yote mawili kwa umiliki wa pamoja, maana Sheria ya Ardhi ya 1999 inampelekea aliyebaki haki ya aliyetangulia. Kama una leseni ya makazi au karatasi ya serikali ya mtaa badala ya hati, mwambie wakili mapema. Usione aibu, nusu ya jiji hili iko hivyo.

Mafao ya mifuko ya hifadhi ya jamii, NSSF na PSSSF, yana utaratibu wake, hulipwa kwa wategemezi wanaotambuliwa na sheria za mifuko. Nenda ukahakikishe majina ya mke na watoto yako sahihi kule. Usiyagawe kwenye wosia.

Tuje kwa msimamizi wa mirathi, kwa kifupi, kwa sababu kila familia inaye wa kumlalamikia. Msimamizi si mrithi mkuu wala si baba mpya wa nyumba. Ni mtumishi wa warithi. Anakusanya mali, analipa madeni, anagawa, anaondoka. Akiwa Mahakama ya Mwanzo anapaswa kupeleka orodha ya mali ndani ya miezi minne. Akiwa Mahakama Kuu, ndani ya miezi sita, na hesabu ndani ya mwaka. Mwenye msimamizi aliyekaa na nyumba miaka minane anapangisha na kula kodi, aende pale pale alikoteuliwa aombe aitwe kujieleza. Sisi wa Temeke tuna bahati: Kituo Jumuishi cha mambo ya mirathi na familia kiko hapa hapa, kuanzia Mahakama ya Mwanzo mpaka Mahakama Kuu. Watu wanatoka Bunju kuja kwetu. Na mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa msimfukuze kwenye kikao. Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza mtoto kunyimwa matumizi ya haki ya mali ya mzazi wake. Mzee mwenye mtoto wa namna hiyo amtaje mwenyewe akiwa hai. Akimwacha ajitambulishe msibani, amemfanyia ukatili.

Jinsi ya kumpata wakili. Pale nje ya mahakama kuna watu wenye mikoba, suti nzuri, na muhuri wa mtu mwingine. Tunawaita vishoka. Atakuandikia wosia kwa elfu ishirini na siku ya haja muhuri utakuwa wa mtu asiyekuwepo. Jina la wakili linatafutwa kwenye mfumo wa Mahakama wa e-Wakili. Kijana mwenye simu atakuangalizia dakika moja tu, na utaona kama leseni yake ya mwaka huu iko hai. Dai risiti. Dai mkataba wa ada, hata ukurasa mmoja. Akikuambia ada yake ni sehemu ya nyumba, ondoka.

Asiye na uwezo naye ana pa kwenda. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria, wapo mpaka kwenye kata. Hapa jijini kuna TAWLA, chama cha wanasheria wanawake, kuna WLAC, kituo cha msaada wa kisheria kwa wanawake, kuna LHRC, kituo cha sheria na haki za binadamu. Zamani wakili hakuruhusiwa hata kusimama Mahakama ya Mwanzo, ambako ndiko mirathi nyingi za wananchi zinakofunguliwa. Mlango huo ulifunguliwa mwaka 2021 kwa mahakama zinazoongozwa na hakimu mkazi. Kwa hiyo msije mkaambiwa kwamba kesi ya Mwanzo haina haja ya wakili. Ndogo ndogo hazina haja, ni kweli. Yenye nyumba mbili, wake wawili na sheria tatu inayo.

Na ninyi wanasheria vijana mliosimama nyuma, najua mnapenda kesi za kodi na za madini, zina hela. Sitawalaumu, kodi ya pango ya ofisi Posta tunaijua sote. Lakini mkimpokea mzee, mwongeeni polepole, msome kila aya kwa sauti, mmwache aende nyumbani akalale na karatasi kabla ya kusaini. Akirudi amebadili mawazo, msimtoze mara mbili.

Meza yetu iko hapo nje chini ya hema la bluu mpaka saa nane. Njooni na nakala, hati halisi ziacheni nyumbani. Tunaanza na wenye miaka zaidi ya 70, na kila mmoja ataingia peke yake. Maswali nitayachukua sasa, ila nawaomba msitaje majina ya watoto wenu kwenye kipaza sauti, mtaa mzima unasikia.